Haki ya Aliyeshindwa Kutegua

Mtoto wa Matulo, katika Kaunti ya Bungoma, ashindwapo kutegua kitendawili cha Kiswahili, hutoa mji, na mtegaji hana budi kumpa jibu. Kushindwa kuna gharama, lakini hakumfungii mtu mlango wa maarifa. Kanuni hiyo yafaa kuwa kipimo cha The Witness, mchezo wa kompyuta wa Jonathan Blow uliotolewa mwaka 2016, ambao humwacha mchezaji kisiwani na mamia ya mafumbo pasipo maelezo. Baadhi ya wahakiki waliuona ukimya huo kuwa heshima kwa akili ya mchezaji. Wengine, kiburi cha mtunzi. Hata hivyo, mafumbo mepesi hufunza kanuni za yale magumu. Kwa hiyo ukimya pekee si dhuluma. Dhuluma huanza pale fumbo linapotegemea sauti au rangi. Asiyesikia, au asiyetofautisha rangi, hashindwi kwa upungufu wa fikra: amenyimwa dokezo, wala hakuna mtegaji wa kupewa mji. Ni kweli kwamba mchezo waweza kukamilishwa bila kumaliza kila eneo. Lakini kuruhusiwa kupita kando si sawa na kutegewa kwa haki.