VAZI LENYE DAMU: TUCHUNGUZE TUNAYOONYESHWA

Somo: Mwanzo 37:28–35 na 45:25–28



Juma hili tunataka kuzungumza na jamaa zetu juu ya jambo lililoingia katika kila boma hapa Abuku, nalo ni picha tunazoonyeshwa. Ziko filamu za kibanda cha video, ziko zile zinazopita kutoka simu hadi simu, na uko ukuta wa duka uliopakwa rangi ya tangazo. Wazazi wengi huuliza, "Je, kutazama filamu ni dhambi?" Swali hilo ni zuri, lakini liko lingine la kuliuliza kwanza: Je, filamu hiyo inakufundisha nini wakati wewe unadhani inakuchekesha tu?

Biblia haikatazi hadithi. Nabii Nathani alimwendea mfalme Daudi na hadithi ya tajiri aliyechukua mwana-kondoo wa maskini, na kwa hadithi hiyo Daudi akajihukumu mwenyewe (2 Samweli 12). Bwana wetu naye alifundisha kwa mifano. Kwa hiyo hatusemi kwamba hadithi ni mbaya. Tunasema hadithi ina nguvu, na chenye nguvu hakiachwi mikononi mwa mtoto bila mzazi kuwa karibu.

KANZU ILIKUWA YA KWELI

Ndugu zake Yusufu walimwuza kwa vipande 20 vya fedha. Kisha wakachinja mbuzi, wakaichovya kanzu yake katika damu, wakampelekea baba yao. Angalieni sana walivyofanya. Hawakutamka kwamba Yusufu amekufa. Walisema wameiokota, wakamwomba mzee aitazame kama ni ya mwanawe. Kanzu ilikuwa ya kweli. Damu nayo ilikuwa damu kweli. Lile neno kubwa la uongo, kwamba mnyama mkali amemla kijana, lilitoka kinywani mwa Yakobo mwenyewe. Tukihesabu umri wa Yusufu katika Mwanzo 37:2, 41:46 na 45:6, mzee yule aliomboleza miaka ipatayo 22 kwa ajili ya mtu aliyekuwa hai.

Hivyo ndivyo picha inavyofanya kazi. Haikuambii, inakuonyesha vitu viwili vitatu, nawe unamaliza hadithi kichwani mwako. Na kwa kuwa umeimaliza mwenyewe, unaishika kama mali yako. Tena katika vibanda vyetu iko sauti ya pili. VJ anatafsiri, lakini pia anaongeza vichekesho na hukumu zake. Tanzania walimjua Lufufu, Kenya wanamjua DJ Afro, na Uganda ina VJ wengi. Ni kazi ya ufundi, lakini maneno unayoyasikia siyo daima maneno ya mwigizaji.

Basi ndugu, tujifunze maswali manne ambayo Yakobo angeweza kuyauliza siku ile.

1. NANI AMEWEKWA MBELE?

Tarehe 5 Machi 2012 shirika moja la Marekani lilitoa video iitwayo Kony 2012. Katika muda wa siku sita hivi ilitazamwa mara milioni 100 duniani. Tarehe 13 Machi ikaonyeshwa uwanjani katika mji wa Lira, mbele ya watu walioumizwa na LRA wenyewe. Walikasirika, wengine wakarusha mawe, na onyesho likavunjika.

Kwa nini? Waliona kwamba aliyewekwa mbele ni mtengeneza filamu na mtoto wake mdogo, na wenye majeraha wamekuwa watu wa nyuma. Waliona pia jina na sura ya yule aliyewakata viungo vikitengenezewa fulana na mabango. Tena mtazamaji wa mbali angeweza kudhani vita bado viko kaskazini ya Uganda, wakati LRA ilikuwa imeondoka huko kufika mwaka 2006 na kuhamia misitu ya Kongo na nchi jirani. Waliotoka Faradje wanaikumbuka Krismasi ya mwaka 2008 bila kuonyeshwa na mtu.

Basi uliza: Katika hadithi hii, ni nani anayefikiri, anayeamua na anayeokoa? Na watu kama sisi wamepewa kazi gani? Kama mtoto wako amezoea kuona mkimbizi akilia tu na kunyoosha mkono, atajiona hivyo. Mwambie kwamba Yusufu naye alitolewa kwao kwa nguvu, na Mungu akamfanya mwenye shauri katika nchi ya ugeni.

2. NANI AMETWIKWA UBAYA?

Hapa tuseme wazi, hata kama ni juu ya filamu zenye jina la Injili. Mwaka 1999 ilitoka Nigeria filamu iitwayo End of the Wicked. Ndani yake watoto wanaonyeshwa wakienda usiku katika mkutano wa wachawi na kuwadhuru wazazi wao. Filamu za namna hii zimesambaa Afrika nzima, na huonyeshwa hata na Wakristo, kwa sababu mwishoni anakuja mtumishi wa Mungu na kushinda.

Lakini ujumbe uliofichwa ni upi? Ni kwamba baba akikosa kazi, au mama akiugua, basi mkosaji ni mtoto alalaye mkekani. Watu wamemaliza hadithi hiyo nyumbani mwao. Katika Jimbo la Akwa Ibom, Nigeria, watoto wengi walipigwa na kufukuzwa, mpaka sheria ya mwaka 2008 ikafanya kumwita mtoto mchawi kuwa kosa la jinai. Kongo nayo, katika sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, imeweka adhabu kwa anayemshtaki mtoto uchawi.

Wapendwa, yatima anayelelewa na shangazi kambini hana wa kumtetea. Kisima kikikauka au posho ikipunguzwa, yeye ndiye wa karibu wa kulaumiwa. Bwana Yesu alimchukua mtoto akamsimamisha katikati ya wanafunzi, akaonya vikali juu ya anayewakosesha wadogo (Mathayo 18). Filamu inayomfanya mtoto kuwa adui, hata ikianza kwa maombi na kumalizika kwa wimbo, haikubaliani na sura hiyo.

3. NI KITU GANI KIMEACHWA NJE?

Filamu The Last King of Scotland ilitoka mwaka 2006. Mwigizaji Forest Whitaker alipata tuzo ya Oscar mwaka 2007 kwa kumwigiza Idi Amin. Wengi wameiona wakidhani yote ni historia. Lakini daktari kijana wa Scotland, Nicholas Garrigan, ambaye kwa macho yake tunayaona mambo yote, hakuwahi kuwako. Alibuniwa katika riwaya ya Giles Foden ya mwaka 1998.

Hatumtetei Amin. Alitawala kuanzia tarehe 25 Januari 1971 hadi tarehe 11 Aprili 1979, na damu iliyomwagika ni nyingi mno, pamoja na ya Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa Februari 1977. Hiyo ndiyo kanzu ya kweli. Shida ni yale ambayo filamu haikuyafikia. Inaishia karibu na habari ya ndege ya Entebbe ya mwaka 1976. Haionyeshi kilichofuata huku West Nile baada ya Amin kuanguka: askari walilipiza kisasi juu ya watu wasio na hatia, kwa sababu tu walitoka upande mmoja na Amin. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokuwa wamekimbilia misheni ya Wakatoliki Ombaci, karibu na Arua, waliuawa. Maelfu kwa maelfu walivuka mpaka kwenda Zaire na Sudan, yaani kwetu. Wakati ule mwenyeji alikuwa mgeni, na mgeni wa leo alikuwa mwenyeji.

Jambo hili linatuhusu sana. Watoto wetu wanakaa benchi moja na watoto wa Koboko. Mtoto mkimbizi akitoka kwenye video na kumwita mwenzake "Amin" kwa dharau, ametupa jiwe juu ya nyumba ambayo babu yake alilala porini kama tulivyolala sisi. Na mtoto wa hapa aliyeona filamu za waasi wa Kongo, akituita wauaji, naye amemaliza hadithi kwa damu ya mbuzi. Amri inasema tusimshuhudie jirani uongo (Kutoka 20:16). Ushahidi wa uongo unaweza kutoka katika filamu ukaingia katika ulimi wetu.

4. NANI AMEPOKEA FEDHA?

Ndugu za Yusufu walipoleta kanzu, vile vipande 20 vya fedha havikuonekana. Katika tangazo pia fedha hufichwa. Sigara ya Sportsman ilipewa jina la mwanamichezo na sura ya farasi, ingawa moshi ndio unaomaliza pumzi ya mwanamichezo. Sisi wa West Nile, ambako tumbaku imelimwa miaka mingi, tunajua pia miti iliyokatwa ili kuikausha. Uganda ilipiga marufuku matangazo ya tumbaku kwa sheria ya mwaka 2015.

Leo vijana wanavutwa na matangazo ya kubeti mpira. Anayeonyeshwa ni mshindi mmoja, ana fulana mpya na anacheka. Wale waliopoteza hawapigwi picha. Lakini kijana, fikiri: fedha za kumlipa yule mshindi, na za kodi ya nyumba, na za mshahara, na za faida ya mwenye kampuni, zimetoka wapi? Zimetoka kwa waliopoteza. Hiyo shilingi ilikuwa ya sabuni, au ya daftari la mdogo wako.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Wazazi, kupiga na kufungia havitoshi. Mtoto atatazama kwa jirani. Jaribuni hivi. Filamu ikiisha, kaeni naye kidogo, mmwulize yale maswali manne: Nani amewekwa mbele? Nani ametwikwa ubaya? Nini kimeachwa nje? Nani amepokea fedha? Mwacheni ajibu kwanza, msimkatize. Vijana wengi wanaona mambo ambayo sisi wazee hatukuyaona. Na kama ni habari ya watu wa hapa, mpelekeni kwa mzee jirani, mseme, "Shikamoo mzee, tunaomba utusimulie mwaka 1980 ilikuwaje." Atamsikia mtu, siyo mwigizaji.

Mwisho, tuitazame Mwanzo 45. Wana walipomletea Yakobo habari kwamba Yusufu yu hai, moyo wake ulizimia, hakuwaamini. Safari hii aliyasikiliza maneno yote ya Yusufu mpaka mwisho, akayatazama na magari yaliyotumwa kumchukua. Ndipo roho yake ikafufuka. Alikuwa mzee, na mbele yake ilikuwapo safari ya kuhamia nchi ya watu kwa sababu ya njaa. Lakini aliondoka akijua kweli kuhusu mwanawe.

Tuombe: Ee Bwana, utupe macho ya kupambanua na masikio ya kumsikiliza jirani. Uwalinde watoto wetu wasishtakiwe bure, wala wasiwashtaki wengine bure. Uwabariki wenyeji wetu waliotupa ardhi. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.