Makaa ya Ng'ambo

Jumapili ya tarehe 12 Novemba 2023, siku moja kabla ya ile sikukuu ya taifa ya kupanda miti, nilihubiri juu ya uumbaji. Nilisoma Mwanzo 2:15, pale mtu anapowekwa bustanini ailime na kuitunza, kisha nikawageukia wakata miti na wauza makaa, nikasema wanapigana na kazi ya mikono ya Mungu. Amina zilikuwa nyingi. Mimi mwenyewe nilishuka mimbarini nikijiona nimehubiri.

Jumatatu tulipanda miche nyuma ya kanisa, halafu tukala wali na maharagwe. Sufuria zilikuwa zimekaa juu ya makaa, magunia mawili mazima. Sikuona chochote. Aliyeona ni mama mmoja wa ushirika wetu anayeuza makaa kwa mkebe kando ya barabara ya kwenda Malaba, maana makaa yale yalikuwa yake. Alikuwa ametupa kwa mkopo.

Wiki tatu hakuonekana ibadani. Nilipomtembelea alinipa kiti, akaendelea kujaza mikebe. Akaniambia, "Mchungaji, ulinihubiri mimi, na sikatai. Lakini fungu langu la kumi huwa mnalipokea na vumbi lake jeusi. Na hicho chakula cha Jumatatu, mlipika na nini?" Nikanyamaza. Ndipo akanikumbusha, kwa heshima kabisa, kwamba deni la yale magunia bado.

Tangu siku hiyo swali moja linanisumbua. Mti ukianguka, dhambi ni ya nani: aliyeshika shoka, aliyebeba, aliyeuza, au aliyekula?

Sisi wa Busia na Malaba tusijifanye hatujui makaa yanatoka wapi. Mwezi wa Februari 2018 mambo mawili yalitokea. Rais Kenyatta na Rais Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani hapa Busia, mizigo ipite haraka. Na mwezi huo huo serikali yetu ikapiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90, kisha ikaongezwa tena na tena kwa miaka. Kusudi lilikuwa jema. Mito ilikuwa inakauka, na Katiba yetu, kifungu cha 69, inataka angalau asilimia 10 ya nchi iwe na miti. Lakini hakuna aliyefunga majiko. Nairobi iliendelea kupika, Kisumu ikaendelea kupika. Makaa ya Uganda yalikuwa yakija tangu zamani. Sasa ndiyo yakawa na soko. Yalipita mchana kwa malori na usiku kwa njia za panya, na vijana wetu wa boda boda walikula kwa hiyo kazi.

Na maendeleo yenyewe, wapendwa, yanakula makaa. Kila lori linalosimama kwenye foleni ya Malaba lina dereva na tanboi wake, na wote wanataka chapati na chai ya moto. Hoteli zile ndizo zinazowalipia karo watoto wengi wa kanisa hili. Siwezi kusimama hapa nikaita riziki hiyo laana.

Lakini ng'ambo kukoje? Makaa mengi yanatoka kaskazini mwa Uganda, nchi ya Waacholi na majirani zao. Watu wale walikaa kambini miaka mingi kwa sababu ya vita vya Kony. Waliporudi nyumbani walikuta nyumba hazipo, ng'ombe hawapo, ila miti ipo. Kati ya miti hiyo uko mti wa shea, ambao akina mama huokota matunda yake na kukamua mafuta ya kupikia na kujipaka. Wao huyaita moo yaa. Mti huo haupandwi leo ukavunwa kesho. Huchukua miaka kama 20 kabla ya kuzaa vizuri. Sasa ukiuchoma kwenye tanuri la udongo, kilo 100 za kuni zinakupa kilo 10 hadi 20 za makaa, nyingine zote ni moshi. Mti wa bibi na wajukuu unaisha kwa sherehe kama ile yetu ya Jumatatu. Hali ilifika mahali ambapo Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kupiga marufuku uchomaji makaa wa biashara kaskazini mwa nchi yake.

Mzee mmoja wa kanisa aliniambia, "Lakini Mchungaji, ile ni nchi nyingine, ina serikali yake." Nilicheka kidogo, nisamehewe. Huyo mzee ni Mteso. Wajomba zake wako Tororo, na akifiwa na mtu wa huko, havuki mpaka kama mgeni. Kwenye matanga hatuna mpaka, kwenye mahari hatuna mpaka. Mpaka tunaukumbuka tukiulizwa habari ya makaa. Tulijipongeza kwamba misitu yetu imepumzika, kumbe tulilivusha shoka mto Malaba na kumkabidhi jirani. Sioni namna ya kuuita huo uhifadhi.

Someni 2 Samweli 23:15-17. Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa watatu wakapenya kambi ya Wafilisti wakamletea. Hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana kwa sababu aliona ndani yake uhai wa watu. Angalieni, Daudi hakuwakemea wale watatu waliobeba. Swali alijiuliza yeye, mwenye kiu. Mimi nilifanya kinyume: nilikunywa, kisha nikamkemea mbebaji.

Sisemi muuzaji hana hatia yoyote. Kumbukumbu la Torati 20:19 inakataza kuangusha miti ya matunda hata wakati wa vita, na njaa haijatajwa kama ruhusa. Lakini mama mwenye watoto wanne na mikebe miwili ana njia chache. Kanisa lenye sadaka, kamati na shamba lina njia nyingi, na aliye na njia nyingi ndiye anayepaswa kuulizwa kwanza. Mimbari yangu ilianza kuuliza kutoka chini.

Deni tulilipa Desemba, na nikamwomba msamaha mbele ya akina mama, maana mbele ya watu ndiko nilikomwaibisha. Amerudi. Hukaa karibu na mlango.

Kamati ya jikoni nayo imependekeza tununue jiko kubwa linalokula kuni kidogo, na kuni zitoke kwa washirika wenye mikaratusi mashambani mwao, wakate na kupanda tena. Nilifurahi mpaka nilipompelekea habari. Alifikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo miti imepona, na mimi nimepoteza mteja."

Nimependekeza basi yeye ndiye awe msambazaji wa hizo kuni, alipwe taslimu, na tumkopeshe pesa ya mzigo wa kwanza. Wazee wawili wamepinga, wakisema kanisa si benki. Tunakutana tena Alhamisi baada ya maombi ya jioni. Makaa ya kupikia siku hiyo bado tumenunua kwake.