Mayai ya Nguchiro

Mwaka nilioacha chuo, mafundi waliokuwa wakichimba msingi nyuma ya ploti yetu Riruta walipata nguchiro mdogo kwenye nyasi. Mama yake hakuonekana. Nikamchukua. Nilikuwa nimetazama sana video za Wazungu na fereti wao, wale wa ukoo mmoja na kicheche, wamefungwa kamba kama mbwa wa Lavington, nikadhani ni kitu kimoja.

Si kitu kimoja. Fereti amefugwa zaidi ya miaka 2,000, tangu enzi za kutumwa kwenye mashimo kufukuza sungura. Na hata yeye ni kazi: hali mboga, ni nyama tu, na distempa ya mbwa humuua asipochanjwa. Wangu hakuwa na historia yoyote na binadamu. Alikuwa na meno na hofu.

Kila asubuhi nilimpa yai, jioni vipande vya matumbo kutoka Kawangware. Siku moja jirani yangu, mama wa watoto watatu, akanikuta nikivunja yai.

"Wee kijana, huyo panya anakula yai na sisi tunakula sukuma kavu?"

Nilicheka. Usiku sikucheka. Lakini nilijitetea kichwani: yai lile nisingempelekea mtoto wake hata nguchiro asingekuwepo, ningelikaanga nile mimi. Halafu mbona hakuna anayeuliza hivyo mtu akinunua bia?

Swali lililonishinda lilikuwa lingine. Mchana kutwa alikuwa anachimba simiti karibu na mlango, hadi kucha zikatoa damu. Mimi niliita huo mchezo. Wakati huo hakuna mtu aliyekuwa akiniuliza nimerudi saa ngapi, marafiki wa chuo walikuwa wameacha kupiga simu, na huyu alinikimbilia kila nikifungua. Nikasema ananipenda. Pengine alichotaka ni mlango ufunguke.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kumfuga mnyama wa porini bila kibali. Nilijua. Ukweli usemwe, sheria haikuninyima usingizi, huku mtaani tunaziruka nyingi tu. Zile kucha ndizo zilininyima. Na kumwachilia tu hapo nje hakungekuwa wema: hakujua kuwinda, mbwa wamejaa, na kuku wa watu ndio wangekuwa shule yake ya kwanza.

Basi nikamtia kwenye katoni, tukapanda matatu mpaka kwa KWS, Lang'ata. Kondakta akauliza kama ni kuku. Nikasema ndiyo. Njia nzima alitulia, nami nikawa namwambia anaenda mahali pazuri, ingawa nilijua huenda ni kizimba kikubwa zaidi.

Nyumbani yalikuwa yamebaki mayai manne. Nikampelekea jirani. Akayapokea, akayahesabu, kisha akaniuliza kama mnyama amekufa.