Amana ya Mwili

Kijana aliyelelewa katika vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, akipanda na kushuka kila alfajiri nyuma ya ng'ombe, au aliyezaliwa katika misitu ya Walikale, ambako shamba la muhogo huwa mwendo mrefu kutoka nyumbani, hakuwa na haja ya kujiuliza habari za unene. Lakini afikapo Goma kusoma, akakaa kitako tangu asubuhi hata jioni, akila maandazi na chai yenye sukari tele, mwili wake hubadilika pasipo yeye kutambua. Je, kunenepa huko ni dhambi? Nasita kuhukumu, hasa katika nchi ambayo vita vimewahamisha watu makwao, hata kitambi kikahesabiwa dalili ya amani.

Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima cha Ihya, utungo wake mkuu, kwa matamanio ya tumbo na ya tupu. Nami naamini suala si umbo, bali ni nani mwenye amri, akili au uchu. Mwili ni amana. Basi kijana huyo na aende chuoni kwa miguu, ale sombe na maharagwe kwa kiasi, na aletewapo furushi la unga kutoka nyumbani, amgawie mwenzake ambaye kwao, kwa sababu ya vita, hakutoki kitu.