Je, Anayekomboa Anapata Haki ya Kutawala?

Alfred Sharpe alizaliwa Uingereza mwaka 1853, akasomea sheria na kufanya kazi ya uwakili kabla ya kuja Afrika kuwinda tembo. Mwishoni mwa miaka ya 1880 alishika bunduki Karonga, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, dhidi ya Mlozi aliyekuwa akiuza watumwa. Baadaye akawa naibu balozi, kisha kamishna, na mwishowe gavana wa Nyasaland. Mwaka 1921 alichapisha kitabu, The Backbone of Africa. Kwa hiyo alikuwa wakili, mtawala, mwandishi na mpinga utumwa. Ukimsoma ukiwa Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, sifa hizo nne hazikai pamoja kwa amani.

Swali langu ni hili: je, aliyemfungua mtu minyororo anapata haki ya kumtawala?

Kwanza tusijidanganye kwamba minyororo yenyewe haikuwapo. Mwaka 1867 Tippu Tip alimshinda Nsama wa Itabwa, kati ya Mweru na Tanganyika, akaondoka na pembe nyingi za ndovu. Novemba ya mwaka huohuo Livingstone alifika Mweru, kisha akaenda kwa Mwata Kazembe, ambako aliona watu waliokatwa masikio na mikono kwa amri ya mfalme. Mbele ya Nchelenge kuna kisiwa kinachoitwa Kilwa. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hatuna ruhusa ya kuisoma habari hii kama wageni. Tunaisoma tawasifu ya Tippu Tip kama kazi ya mwanzo ya nathari yetu, na ni kweli, ila lugha ile ilifika ziwani hapa katika misafara ileile iliyobeba pembe na watu.

Basi Sharpe alikuwa na adui wa kweli. Lakini Julai 1890, huko Brussels, mataifa makubwa yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na kifungu chake cha kwanza kilieleza kwamba njia bora ya kuikomesha ni kuweka utawala, vituo, barabara na reli. Tangu hapo kumkomboa mtu na kuichukua nchi yake vikawa kitendo kimoja machoni pa sheria.

Mwaka huohuo Sharpe alikwenda kwa Mwata Kazembe Kanyembo akiwa na karatasi. Alipokewa vizuri na mkataba ukapatikana. Akaendelea hadi Bunkeya kwa Msiri, mtu aliyetoka upande wa Tabora, aliyejijengea dola Katanga na ambaye naye alikuwa akiuza watumwa. Msiri alikataa. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1894 Waingereza na Leopold waligawana ziwa na mto Luapula, na himaya ya Kazembe ikapasuliwa katikati. Kisha mwaka 1899 Kanyembo, aliyekubali mkataba, akagombana na Kampuni ya Rhodes kuhusu bendera na kodi. Sharpe mwenyewe alileta askari kutoka Nyasaland wakauchoma mji wake.

Sisemi kwamba Sharpe ndiye aliyemuua Msiri. Wale walikuwa na bwana mwingine. Ninachosema ni kwamba aliyekataa alipigwa risasi na aliyekubali alichomewa mji. Ridhaa ina maana pale tu ambapo mtu anaweza kukataa na bado akalala salama. Wakili anayajua haya kabla hajamaliza mwaka wake wa kwanza wa masomo. Kama jibu lolote litaleta bunduki, basi hakukuwa na swali.

Mtu ataniuliza kama ningependa minyororo ibaki. La. Mvuvi wa Kashikishi akimwopoa mwenzake aliyepinduliwa na dhoruba anastahili shukrani, pengine hata sehemu ya samaki. Hastahili mtumbwi, nyavu na watoto wa aliyeokolewa. Shukrani ni deni la moyo, na anayelidai kwa askari amekwisha kuligeuza kuwa kitu kingine.

Hoja nzito zaidi ni kwamba utumwa usingekoma bila mtu wa kusimamia, kwa kuwa wafalme walikuwa wakifaidika nao. Nakubali sehemu yake. Vita dhidi ya mtu kama Mlozi naviona halali, na hata ulinzi wa muda baada yake. Ila mamlaka yaliyozaliwa na dharura yanaishia pale dharura inapoishia. Ugomvi wa mwaka 1899 ulihusu kodi na bendera. Hapo sababu ya kwanza ilikuwa imebaki jina tu, na jina hilo likaendelea kufanya kazi.

Kanyembo alikimbilia misheni ya Mambilima, na kwa msaada wa wamisionari akaruhusiwa kurudi, sasa akiwa chini ya Kampuni.

Kuna jambo linalonisumbua kuliko hoja zote hizi. Nimezungumza juu ya ridhaa ya Kazembe na ya Msiri, kana kwamba wao walikuwa na haki ya kusema kwa niaba ya watu waliowafunga. Mtumwa wa Kazembe angeulizwa mwaka 1890, huenda angemchagua Sharpe, na sijui ningemjibu nini. Lakini hata wakili hakumuuliza. Na moto ulipowashwa miaka 9 baadaye, haukutenga kibanda cha mtumwa na nyumba ya bwana wake.