Maji ya Ifakara Ndani ya Kioo

Jamaa yangu mmoja anayeishi Ulaya ana mahodhi mawili ya kioo sebuleni kwake. La kwanza ni la matumbawe, na mwenye kuliona hudhani kipande cha bahari yetu kimehamishwa pamoja na rangi zake. La pili ni dogo, halina pambo, na ubavuni limebandikwa karatasi yenye neno moja: Ifakara. Hili la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Hodhi la kwanza kazi yake yote ni kuzuia mabadiliko. Chumvi iwe gramu 35 hivi kwa kila lita, joto lisipande wala kushuka, na kalsiamu, ambayo matumbawe huinyonya kila siku ili kujenga mifupa yao, irudishwe palepale, miligramu 400 na kidogo kwa lita. Jioni yule bwana hudondosha dawa katika kichupa, hutazama rangi, huandika daftarini. Kwa hakika hafugi samaki, hufuga maji. Amonia itokanayo na uchafu wa samaki huwaua. Haina budi kugeuzwa na bakteria kuwa nitriti, nayo ni sumu vilevile, kisha nitrati iliyo na nafuu. Mwendo huo ni wa wiki kadhaa, na asiye na subira huanza kwa mazishi.

Samaki wa Ifakara ana sheria nyingine. Wataalamu walimpa jina mwaka 2002, Nothobranchius kilomberoensis, kwa heshima ya bonde alikozaliwa. Huishi katika vidimbwi vinavyojaa masika na kukauka kiangazi. Hukua upesi, dume hujivika rangi, jike hubaki kijivu, hutaga matopeni, na maji yakiisha wote hufa. Mayai ndiyo yavukayo kiangazi, ndani ya udongo uliopasuka. Mtu akiyapa huruma ya hodhi la kwanza, yaani maji yasiyokatika, mengi yatabaki usingizini au yataoza. Basi jamaa yangu huyakusanya pamoja na mboji, huikamua, huitia katika mfuko wa plastiki, huandika tarehe na mahali, na kuuweka kabatini kwa miezi. Amekitengeneza kiangazi cha Kilombero katikati ya nguo zake.

Je, ana haki hiyo? Nilimwandikia kwa ukali, nakiri. Nilimuuliza ni nani aliyemfanya mlinzi wa kiumbe ambaye mkulima wa Kindamba, anayepanda mpunga kando ya kidimbwi, hakuulizwa habari zake hata siku moja. Nikamwambia kuwa amechukua samaki akaacha mafuriko, mdiria, na watoto wenye vikapu. Mimi hufasiri mashairi, na najua vizuri kitu kinachobaki nyuma kiumbe anapobebwa akatiwa katika chombo cha mtu mwingine.

Jibu lake halikujitetea. Alisimulia kwamba mwaka mmoja aliusahau mfuko, akaukuta umekauka kabisa, mayai yote yamesinyaa. Kidimbwini, alisema, samaki wakifa hakuna wa kulaumiwa, ni kazi ya jua. Lakini katika nyumba yake jua ni yeye.

Maneno hayo yamenikaa, kwa sababu nayaona yakitimia bondeni kwenyewe. Mwaka ule ule wa 2002 tambarare ya Kilombero, karibu hekta 800,000, iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Orodha haichimbi mfereji wala haiuzibi. Panapochimbwa mfereji wa umwagiliaji, kidimbwi hupoteza maji kabla ya wakati, au huyapata mwaka mzima, wakaingia kambale na perege na kuwala wale wadogo. Mbolea ya urea imwagwayo shambani hugeuka amonia, ile ile inayopimwa kwa matone kule Ulaya. Bonde linakuwa hodhi letu, tena kubwa, nasi hatuna daftari.

Wala siwezi kumtaka mama wa Ifakara akipende kidimbwi. Kwake maji hayo ni mbu, na mbu ni malaria ya mwanawe. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara huyachota kwa upawa wakitafuta viluwiluwi. Na kijijini Kining'ina wamejenga majumba ya wavu, maarufu kwa jina la Mji wa Mbu, ambamo mbu nao hufugwa kwa uangalifu ili wachunguzwe. Mwenye njaa ya mchele na mwenye mtoto mgonjwa wana haki iliyotangulia haki ya samaki. Ninachokikataa ni udhuru tu: kusema kuwa kidimbwi kimekauka kwa jua, ilhali tumekikausha sisi.

Nasi wa visiwani tusijitenge. Kilombero huungana na Luwegu ukawa Rufiji, na Rufiji huingia baharini mkabala na Mafia, penye matumbawe ya kweli, yasiyo na mtu wa kuyatilia matone.

Barua yake ya mwisho ilikuwa fupi. Alikuwa ameufungua mfuko mwingine, akamimina maji ya baridi juu ya mboji usiku, akaenda kulala. Alfajiri alikuta vijisamaki kama vipande vya uzi. Kabla ya kuvihesabu, alipima maji.