Milimita 21

Namba ilikuwa 960. Hizo ndizo milimita za mraba za nondo zilizohitajika chini ya bimu ile. Katika jedwali ambalo kila mwanafunzi wa uhandisi wa majengo analo, fotokopi ya fotokopi, nondo tano za milimita 16 zinatoa 1005. Nikaandika 5Y16. Kisanduku kwenye faili la Excel kikageuka kijani, nikahamia bimu nyingine.

Nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, katika ofisi ya watu wanne jijini Dar es Salaam, kabla sijaanza shahada ya uzamili. Faili lile lilitengenezwa na mhandisi aliyekwisha kuondoka. Mimi nililirithi pamoja na kiti chake. Linafuata BS 8110, kiwango ambacho Waingereza wenyewe walikiondoa mwaka 2010 wakahamia Eurocode. Sisi tuliendelea nacho, na sisemi hivi kwa kulaumu. Ni kiwango kizuri. Majedwali, chati na mafaili kama hayo ndiyo yanayomwezesha mhandisi mmoja kumaliza hesabu za jengo kwa muda wa kibinadamu. Bila hayo, kila bimu tungeianzia kwa Newton.

Siku ya kumwaga zege nikatumwa saiti. Ndoo zilikuwa zinapokezanwa kutoka kwenye mashine ya kuchanganyia hadi juu, na kila baada ya muda fundi mkuu aliamuru maji yaongezwe. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua maana yake: maji yakizidi, nguvu ya zege inashuka. Nikamwendea.

“Shikamoo fundi. Naona maji yamezidi.”

“Marahaba.” Hakukasirika. Alichukua kipande cha nondo akanionyesha ndani ya mbao za bimu. “Angalia mwenyewe, binti. Kokoto zinakaa juu ya nondo kama ndege kwenye waya. Zege halipiti. Nisipolilainisha, huko chini panabaki mapango.”

Nikachungulia. Upana wa bimu ni milimita 230. Toa 25 kila upande za kufunika chuma, toa ringi za milimita 8, toa nondo zangu tano. Kinachobaki, ukikigawa kwenye nafasi nne, ni milimita 21. Kokoto zilikuwa za 20. Pale nondo zilipolaliana ili kuunganishwa, hata hizo 21 hazikuwepo. Kiwango kilekile kinataka nafasi isiyopungua ukubwa wa kokoto ukijumlisha 5, yaani 25. Sharti hilo lipo, ila liko mbali na jedwali la nondo, na faili halikulikagua. Wala mimi.

Nikasema, “Sawa fundi.” Nikarudi kivulini, na zege likaendelea kumwagwa.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kosa la yale maji ni la nani. Rafiki yangu tunayesoma naye ana jibu fupi: la fundi. Mchoro ukiwa na tatizo, anasema, mjenzi anapaswa kusimamisha kazi na kuuliza; msanifu hawezi kubeba dhambi za kila mkono unaoshika koleo. Kwenye mkataba ana haki. Lakini mchoro ulifika saiti na muhuri. Vibarua walishakusanyika, saruji imeshafunguliwa, na malipo ni ya kazi iliyokamilika. Katika yote yale, kitu pekee ambacho fundi alikuwa na mamlaka nacho ni ndoo ya maji. Akakitumia kuokoa bimu yangu isibaki na mapango, na kwa kufanya hivyo akaidhoofisha kwa njia nyingine. Mimi ndiye niliyemwekea machaguo mawili, yote mabaya, kisha nikaja na kofia ngumu kumuuliza kwa nini amechagua lile.

Darasani tunafundishwa mkasa wa hoteli ya Hyatt Regency, Kansas City, Marekani. Julai 17, 1981, njia mbili za juu za kupitia watu ziliporomoka, zikaua watu 114. Mchoro wa awali ulitaka fimbo za chuma zinazoshuka moja kwa moja kutoka darini, zikishika njia ya ghorofa ya nne na ya pili. Kuzitengeneza ilikuwa kero, maana nati ingepaswa kuzungushwa kwenye urefu mkubwa wa fimbo. Basi kila fimbo ikageuzwa kuwa mbili, na nati za njia ya juu zikajikuta zimebeba uzito wa njia zote mbili. Kwa kawaida tunafundishwa kulaumu mabadiliko yale na wahandisi walioyapitisha bila kuyapigia hesabu. Walipoteza leseni zao Missouri. Mimi siku hizi nasimama kwenye mchoro wa kwanza. Aliyeuchora alimwachia mtu mwingine kazi ya kutafuta namna ya kuukwepa.

Wapo wanaonifariji kwa vigezo vya usalama: nguvu ya zege katika hesabu hugawanywa kwa 1.5, kwa hiyo bimu ina akiba. Ni kweli. Lakini akiba ile iliwekwa kwa ajili ya tofauti za kawaida kati ya maabara na saiti. Sikupewa mimi nifidie uvivu wangu wa kufungua ukurasa mwingine.

Nilimwambia bosi baada ya siku mbili. Siku mbili hizo sina utetezi nazo. Niliogopa kuonekana sijui. Hakufoka. Aliagiza mirunda ibaki muda mrefu zaidi, kisha tukapima bimu kwa nyundo ya Schmidt. Namba zikawa nzuri. Ila nyundo ile inapima ngozi ya zege, na wasiwasi wangu uko ndani, katikati ya nondo.

Ghorofa iliyofuata nilichora upya: nondo mbili za milimita 25, jumla 982. Mwenye nyumba alilalamika kwamba zinapatikana kwa shida. Kwenye faili niliongeza mstari unaokagua nafasi na kugeuka mwekundu.

Nilipokwenda tena saiti, fundi aliingiza mkono mzima kati ya zile nondo mbili.

“Hapa panapita,” akasema.

Hakuniuliza kuhusu ile ya chini, ambayo leo watu wanaishi juu yake. Na mimi sikumwambia.